Mzee hajatoka kwa ki. Ni programu yako

Wacha niseme hii maneno mapema, kabla Disemba haijafika na harusi hazijaanza kufuatana kama malori kwa foleni ya Malaba. MaDJ wa Busia, maDJ wa Malaba, ndugu zangu wa Matayos na Amagoro: hizo namba mnazosoma kwa laptopu si muziki. Ni makisio ya mashine. Na kwa sababu ya hayo makisio mmeanza kunyang'anya wazee maiki.

Kwa wale hawajui tunaongelea nini, nieleze haraka. Siku hizi DJ akiingiza wimbo kwa programu yake, wimbo unapigwa muhuri wa namba mbili. Ya kwanza ni mwendo, yaani mapigo mangapi kwa dakika. Ya pili ni ki. Kama umewahi kuimba kwaya unaijua: ni pale mwalimu anapoiweka doh kabla hamjaanza. Ki zote zimepangwa kwa duara kama saa ya ukutani, kutoka 1 hadi 12, na kila namba ina herufi, B kwa meja na A kwa maina. Hilo duara linaitwa Camelot. D meja ni 10B. Ukiwa 10B unaruhusiwa kwenda 9B, 11B au 10A, kwa sababu hizo ni majirani na noti zao karibu zote ni zilezile. Ukiruka mbali nyimbo zinagongana, hata kukhu aliyeketi nyuma ya hema anakunja uso.

Sheria yenyewe ni nzuri. Mimi naitumia. Shida ni kuna wasee wameifanya Amri ya Kumi na Moja.

Sasa chukua ule wimbo wa bibi harusi kuingia. Mnaujua. Ile ya violini, inaanza na besi huko chini, watu wanasimama, simu zote juu. Hiyo ni Canon ya Johann Pachelbel, Mjerumani wa Nuremberg aliyezaliwa 1653 na kufa 1706. Alikuwa mpiga ogani, na huu wimbo aliuandikia violini tatu na vyombo vya besi. Besi yenyewe ni noti nane tu. Kwa sol-fa ni doh, soh, lah, mi, fah, doh, fah, soh. Hizo nane zinarudi mara 28 bila kubadilika hata moja, kama boda anayevuka mpaka asubuhi hadi jioni: njia ni ileile, abiria ndio wanabadilika. (Na msisahau jina boda boda lilitoka hapa kwetu, mpakani, wakati wa baiskeli. Kampala na Nairobi waliazima.) Abiria ni violini. Ya kwanza inaanza, ya pili inaiga yaleyale pau mbili baadaye, ya tatu inaiga ya pili. Wanafukuzana hivyo mpaka mwisho.

Kwa DJ huo wimbo ni zawadi. Kila mapigo manane besi inarudi pale ilipoanzia, kwa hivyo una milango kibao ya kutokea bila mtu kushtuka. Bibi harusi akichelewa kwa sababu ya gauni, unaweka lupu. Akitembea haraka, unatoka mlango unaofuata. Hakuna wimbo rahisi kama huo kwa harusi, na bado tunauharibu kwa kusoma namba.

Ingiza rekodi mbili za huu wimbo kwa laptopu yako leo jioni. Moja iwe ile ya Jean-François Paillard na okestra yake ya Ufaransa, ya 1968, ambayo ndiyo iliufanya wimbo ujulikane dunia nzima. Nyingine iwe ya kundi linalopiga kwa vyombo vya enzi za Pachelbel mwenyewe, nyuzi za utumbo na pinde za zamani, likiwa limepangwa kwa kipimo cha 415 ambacho makundi kama hayo hutumia sana. Ya Paillard itaandikwa 10B. Ya pili, kama iko kwa 415, itaandikwa 3B. Wimbo ni mmoja, karatasi ni moja, noti ni zilezile, na gurudumu linakuambia haziwezi hata kukaa meza moja.

Sababu ni hii. Leo dunia imekubaliana kwamba noti ya A, ile ya kupimia vyombo, ni mitetemo 440 kwa sekunde. Makubaliano yalifanywa kwa mkutano London mwaka 1939. Jana tu. Wakati wa Pachelbel hakukuwa na kitu kama hicho, kila mji ulikuwa na kipimo chake, na wakati mwingine vipimo viwili ndani ya kanisa moja. Bach akifanya kazi Leipzig, kuanzia 1723, ogani ilikuwa juu kwa toni nzima kuliko vyombo vingine. Walifanya nini? Mpiga ogani aliandikiwa karatasi yake toni moja chini, wote wakakutana, ibada ikaendelea. Sijasoma mahali popote kwamba alizimiwa maiki.

Tofauti ya 440 na 415 ni karibu nusu toni kamili. Na hapo ndipo mtego ulipo. Ingekuwa robo toni, mashine ingesita kidogo, ungeona namba inayumba. Lakini nusu toni inaingia moja kwa moja kwa chumba cha jirani, inafunga mlango, inakuandikia 3B bila aibu. D ya hao watu inasikika kama C# kwa mashine, na mashine haina mahali pa kuuliza "kwa kipimo gani?"

Watu wa mpaka ndio tungeelewa hii kitu kuliko mtu yeyote. Uliza bei ya soda upande wetu, halafu vuka uulize upande ule. Ukiambiwa elfu mbili huanzi kupiga nduru ati umeibiwa. Mtoto wa darasa la pili hapa Busia anajua kuuliza "za Kenya ama za Uganda?" kabla hajafungua mkono. Lakini mpe huyohuyo mtoto miaka kumi na tano, mpe laptopu na kofia ya nyuma mbele, ataona 3B na hataiuliza swali hata moja.

Na dawa ni ndogo mpaka inachekesha. Zima kitufe cha kufunga ki, ongeza spidi kwa karibu asilimia 6, ile 3B imegeuka 10B. Unamiksi na wimbo wowote wa D uliokuwa nao. Programu haitakuambia hivyo. Sikio litakuambia.

Tuje kwa mwendo, ambako kichekesho ni kikubwa zaidi. Besi ni noti nane mara 28, yaani noti 224. Paillard anachukua karibu dakika 7. Gawanya: 32 kwa dakika. Kundi la Kijerumani la Musica Antiqua Köln linaumaliza huo wimbo kwa kama dakika 3. Gawanya tena: karibu 75. Mmoja anatembea kama mtu anayesindikiza jeneza, mwingine kama mama anayewahi soko, na wote wanapiga kitu kilekile. Sasa hizi programu nyingi zimetengenezwa kwa muziki wa kuchezwa. Zikiona 32 haziamini, zinazidisha mara mbili, zinasema 64, au zinazidisha tena zinasema 128. 128 ni mwendo wa klabu, jameni. Kuna DJ nimeona amepanga Canon jirani na nyimbo za kudunda kwa sababu "namba zinashikana". Bibi harusi angefika mbele anatoa jasho.

Pachelbel mwenyewe hakuwahi kuona metronomu. Mälzel aliisajili mwaka 1815, zaidi ya miaka 100 baada ya Pachelbel kuzikwa. Quantz, aliyekuwa mwalimu wa filimbi wa mfalme wa Prussia, aliandika kitabu mwaka 1752 akashauri mwanamuziki apime mwendo kwa mshipa wa mkono wa mtu mwenye afya, kama mapigo 80 kwa dakika. Mshipa wa mkono! Na wewe unabishana na mimi kuhusu desimali.

Nirudi kwa ki kidogo, kwa sababu kuna jambo watu hawaambiwi wanaponunua hizi programu. Mashine inajuaje ki? Kwa njia inayojulikana sana, inachukua sauti zote za wimbo inazigawa kwa masanduku 12, moja kwa kila noti ya kinanda. Halafu inaangalia masanduku gani yamejaa, inalinganisha na ramani. Ramani maarufu ilitoka Marekani mwaka 1982, kwa utafiti wa Carol Krumhansl na Edward Kessler, ambao waliwauliza wasikilizaji noti gani inakaa vizuri kwa ki gani. Utafiti mzuri, siukosoi hata kidogo. Lakini walioulizwa walikuwa watu waliolelewa na kufunzwa muziki wa Magharibi. Hakuna mtu wa Chakol kwa hiyo chumba.

Masanduku 12. Shikeni hiyo namba, kwa sababu sasa naingia kwa kile kilichonifanya niandike.

Mwaka jana nilikuwa napiga vidio ya harusi upande wa Amagoro. Familia ilikuwa imeleta mzee wa adeudeu, kile kinubi cha Kiteso chenye shingo iliyopinda. Wateso wako pande zote mbili za mpaka na adeudeu iko nao pande zote mbili. Mpango ulikuwa mzuri: bibi harusi aingie na Canon, akishakaa, mzee achukue na kina mama wapige vigelegele. Lakini DJ hakutoa Canon. Aliiacha ikizunguka chini kwa sauti ya kati, "kama kitanda", halafu mzee akaanza kupiga juu yake. Bila shaka viligongana. Ungeweka adeudeu juu ya kitu chochote kilichopangwa kwa kinanda, vingegongana.

DJ akaangalia laptopu, akaangalia mzee, akateremsha kifimbo cha maiki yake, akasema kwa spika mbele ya hema lote: "Papa, umetoka kwa ki." Watu wakacheka. Mzee aliongeza kupiga kidogo, akagundua hasikiki, akaacha. Baadaye mtu wa kamati akampa 1,500 badala ya 3,000 walizokuwa wamesikizana, kwa sababu ati hakumaliza. Mzee hakubishana. Aliingiza adeudeu kwa gunia, akauliza boda wanasimama wapi.

Ile vidio ni ya wenye harusi, siwezi kuiweka hapa. Lakini usiku huo niliisikiliza na hedifoni, nikatenga maiki ya mzee peke yake. Nyuzi zake zilikuwa zimekubaliana zenyewe kwa zenyewe kutoka mwanzo mpaka alipozimwa. Sauti yake ya kuimba ilikaa juu ya nyuzi kama kifuniko juu ya sufuria. Hakuna mahali alipoteleza. Mzee alikuwa kwa ki. Ki yake. Kitu pekee kilichokuwa ndani ya hilo hema na hakijui kilipo ni faili ya Canon, ambayo DJ alikuwa ameongeza spidi bila kuangalia kitufe, kwa hivyo haikuwa hata 10B iliyoandikwa kwa skrini.

Upande wa Uganda watu walipima haya mambo zamani. Hugh Tracey alizunguka Kenya na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1950 na mashine ya kurekodi na uma zake za kupimia sauti. Klaus Wachsmann, aliyesimamia Makumbusho ya Uganda pale Kampala, alipima ala za Baganda. Kilichoonekana kwa muziki wa Kiganda ni kwamba kutoka doh ya chini hadi doh ya juu wanapita hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa. Gawanya nusu toni 12 kwa 5, unapata 2.4. Jaribu kuweka 2.4 kwa masanduku ya noti nzimanzima. Hakuna sanduku. Noti inaanguka ukutani, kati ya chumba na chumba, na mashine inalazimika kuisukuma upande mmoja na kukuambia uwongo kwa sauti ya upole.

Sisemi adeudeu ya Kiteso imepangwa kama amadinda ya Baganda. Kila mzee hupanga nyuzi zake kufuata sauti yake na nyimbo zake, na hiyo ndiyo sababu inabidi umsikilize yeye, si jirani yake. Ninachosema ni kwamba "10B" ni jibu la swali ambalo mzee hakuulizwa. Na angalieni nani analipa. Mashine ikimsoma Pachelbel vibaya, tunasogeza faili, tunacheka, maisha yanaendelea. Ikimsoma mzee vibaya, anaenda nyumbani na nusu ya pesa, na wajukuu wake waliokuwa kwa hema wamesikia kwa spika kwamba kitu cha babu yao kimeharibika. Huyo mjukuu wa miaka kumi na tatu aliyekuwa amebeba gunia, mnafikiri ataomba kufunzwa?

Najua majibu. La kwanza: wewe uliacha chuo mwaka wa pili, utatufunza nini? Ni kweli niliacha, hiyo ni stori ya siku nyingine. Lakini kugawanya 224 kwa 7 nilifunzwa shule ya msingi, na nyinyi mlikuwa darasa hilohilo.

La pili lina uzito kidogo. Wanasema mteja analipa ili muziki usigongane, na vyombo vya kienyeji vinagongana, kwa hivyo DJ analinda kazi yake. Sawa. Nani alikuambia uviweke juu ya vingine? Hakuna mtu anapiga adhana na kengele ya kanisa kwa spika moja halafu anauliza ni nani kati yao ametoka kwa ki. Kazi ya DJ ni kupanga nani anaongea lini. Sukuti mnaikubali kila harusi, kwa nini? Kwa sababu ngoma haina ugomvi na 10B. Haikuwapa kazi ya kufikiria. Hiyo si heshima kwa sukuti, ni uvivu wenu tu.

Na kama kuna DJ anataka kufanya vizuri, hii hapa njia, haina gharama. Nenda kwa mzee siku moja kabla, au fika mapema asubuhi. Mwamkie vizuri, kaa chini. Mwambie apige uzi mmoja mmoja, halafu aimbe pale anapomalizia nyimbo zake. Rekodi kwa simu. Hiyo noti anayomalizia ndiyo nyumbani kwake. Sasa chukua Canon, isogeze juu au chini mpaka doh ya Pachelbel ikae hapo hapo. Programu yako inaweza kusogeza hata kwa sehemu ya mia ya nusu toni, ulilipia hicho kitufe na hujawahi kukibonyeza. Usimwambie mzee akaze nyuzi. Faili haina koo, yeye anayo.

Siku yenyewe, bibi harusi aingie na Canon. Akikaribia kiti, subiri besi ifike ile soh ya mwisho, toka. Toka kabisa, usiache kitanda. Ingiza ngoma peke yake, au waachie kina mama vigelegele kwa mapigo nane, kumi na sita, sikio lisahau violini. Halafu fungua maiki ya mzee na uondoe mikono yako kwa mashine. Noti zake nyingine hazitalingana na za Pachelbel na hazihitaji kulingana, kwa sababu Pachelbel ameshatoka. Watu watasikia tu kwamba mahali pa kupumzikia ni palepale. Nimejaribu hii na mzee mmoja wa akogo huku Malaba, nyumbani kwake, spika moja ndogo na laptopu yangu ya mkopo. Alisikiliza Canon ikiisha kwa doh yake, akacheka, akaniuliza huyo Mzungu alijuaje nyimbo yake inaishia hapo.

Kamati za harusi, na nyinyi nawasema. Mkimwita mzee mkasikizana 3,000, mpeni 3,000. Mtu wa keki halipwi nusu eti kwa sababu DJ hakuipenda rangi.

Kama una harusi Disemba kati ya Malaba na Busia na umealika mzee wa adeudeu ama akogo, nitumie ujumbe wiki mbili kabla. Nitakuja na simu na waya, nikae naye nusu saa, silipishi. DJ wako pia aje, na laptopu aiache kwa gari.